Paa la gari la spoti limegoma kutoka? Mwongozo kamili wa kulilegeza bila kuvunja kitu

Kama umefungua loki zote, umesukuma kwa mikono miwili, umesukuma hadi kwa kichwa, na paa bado limekaa kama limepigwa misumari, weka bisibisi chini kwanza.

Mwaka huu nimeitwa mara nne hapa Dar es Salaam kwa tatizo hilohilo: Sinza, Mikocheni, na mara mbili Kigamboni. Mara zote nne nimekuta kingo za paa zimeshachokonolewa kabla sijafika. Moja ilikuwa imepinda. Alumini ikishapinda ukingoni hairudi tena kama ilivyotoka kiwandani, na mvua ya masika itaiona hiyo njia siku ya kwanza tu.

Mwongozo huu ni wa magari yenye kipande cha paa kinachotolewa kwa mkono. Kuna ya kipande kimoja, kama Honda CR-X del Sol, Toyota Supra ya Aerotop na Chevrolet Corvette, na kuna ya vioo viwili, kama Toyota MR2 ya T-bar na Nissan 300ZX. Paa linalojikunja lenyewe kwa mota ni habari nyingine. Langu mimi ni del Sol. Kipande chake ni cha alumini, uzito kama kilo 11, na kwenye buti kuna fremu yake ya kukihifadhia.

## Kwanza elewa kinachoshika

Nililinunua gari langu likiwa limekaa muda mrefu bila kufunguliwa paa. Nilihangaika nalo wiki nzima, nikabadilisha loki moja nikidhani imekufa, wala halikutikisika. Nikalipeleka kwa mzee mmoja fundi bodi, eneo la Gerezani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nini kimekusibu?"

Nikamweleza habari ya loki. Hakuzigusa. Alipitisha ukucha wa kidole gumba kwenye mstari kati ya paa na bodi, akauinua karibu na macho yangu. Ulikuwa na kitu cheusi, kinanata kama ubani uliotafunwa.

"Loki zako nzima hizi. Kilichoshika ni mpira."

Ndivyo ilivyo kwa karibu kila gari nililoitwa tangu siku hiyo. Mpira wa kuziba maji unabanwa na paa miezi mingi, unapikwa na jua la Dar, unavuta vumbi na chumvi ya bahari, mwisho unagandana na rangi ya gari. Loki zinaweza kuwa wazi kabisa na paa lisisogee hata unywele. Kwa hiyo kazi yetu ni mpira kwanza, halafu pini na loki. Nguvu haina nafasi kubwa hapa.

## Vitu vya kuandaa

Kusanya vyote kabla hujagusa gari. Ukikatisha katikati kwenda dukani, utaacha gari wazi, na mvua ya Dar haikupigii hodi.

- Grisi ya silikoni ya kopo au ya tyubu. Hiki ndicho kitu cha muhimu kuliko vyote. Ya kupuliza inafaa, lakini ya kupaka kwa kidole inakaa zaidi na hairukii mahali usipotaka.
- Grisi nyeupe ya lithiamu, kidogo tu, kwa ajili ya loki na pini za chuma.
- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ndoo mbili za maji safi, na chupa ya kunyunyizia.
- Vitambaa laini visivyopungua sita, na mswaki wa zamani.
- Mwiko wa plastiki wa jikoni, mwembamba, usio na ncha kali.
- Mshipi mnene wa nailoni wa kuvulia samaki, kama mita 2. Wauzaji wa zana za uvuvi kule Feri wanao.
- Utepe wa karatasi wenye gundi wa mafundi rangi (masking tape) na penseli.
- Futi ya kupimia.
- Karatasi za risiti, kama kumi.
- Blanketi nene au godoro la sponji.
- Mtu wa pili. Hata kama una nguvu za kubeba gunia peke yako, kipande hiki ni kipana na mkono mmoja haufiki pande zote mbili.

Kama paa la gari lako linashikwa kwa bolti, ongeza spana ya saizi yake. Magari mengi yalitoka kiwandani na spana maalumu, lakini kwenye gari lililopita mikono mitatu minne kabla ya kufika bandarini, mara nyingi spana hiyo huikuti.

### Vya kuacha nyumbani

Oili chafu, mafuta ya mgando, mafuta ya taa na grisi ya bearing. Najua vinapatikana kila gereji, na najua mpira ukipakwa oili unang'aa siku hiyohiyo. Lakini mipira mingi ya kuzibia milango na paa ni ya aina iitwayo EPDM, na mpira huo hauelewani na mafuta yatokanayo na petroli. Unayanyonya, unavimba, unalainika kupita kiasi, mwisho unaanza kuchanika. Mpira uliovimba unabana paa zaidi ya ule uliogandana. Utakuwa umelipa pesa ili tatizo likue.

Silikoni haina shida hiyo. Inakaa juu ya mpira, inautenganisha na rangi, na joto la huku haliiyeyushi.

## Hatua ya 1: Chagua saa na mahali

Fanya kazi hii alfajiri, saa kumi na mbili na nusu hivi, gari likiwa limelala kivulini usiku kucha.

Sababu yake si uvivu wa kukwepa jua. Alumini ya urefu wa mita 1, ikipata joto la nyuzi 30 zaidi, inarefuka kama milimita 0.7. Chuma cha urefu huohuo kinarefuka kama nusu ya hapo. Sasa fikiria gari jeusi lililosimama juani mpaka saa nane mchana: kipande cha paa ndicho kinachopigwa na jua moja kwa moja, kinatanuka ndani ya uwazi ambao haukutanuka sawa nacho. Pini zinabana kwenye matundu yake, mpira nao unakuwa laini na wa kunata. Watu wengi huamua kufungua paa saa hiyohiyo, wakiwa njiani kwenda ufukweni, na ndiyo saa mbaya kuliko zote.

Simamisha gari mahali tambarare kabisa, tairi zote nne zikiwa sawa. Bodi ya gari lisilo na paa la kudumu hujinyonga kidogo tairi moja ikipanda ukingo au ikizama kwenye shimo, na uwazi wa paa unajinyonga pamoja nayo. Usifungue paa gari likiwa juu ya jeki, hata jeki ya upande mmoja.

Kaa mbali na upepo wa pwani. Kipande hiki kikiwa mikononi ni tanga. Upepo wa kusi ukikishika pale Coco Beach unaweza kukuzungusha wewe pamoja nacho.

Utajua uko sawa: loki zinageuka kwa nguvu ya vidole, bila kuhitaji kiganja kizima.

## Hatua ya 2: Shusha vioo vya milango na pima uwazi

Shusha vioo vyote viwili mpaka chini. Milango ya magari mengi ya aina hii haina fremu juu, kwa hiyo kioo chenyewe ndicho kinachokandamiza mpira wa paa. Kikiwa juu, kinashikilia ukingo wa kipande wakati wewe unakinyanyua.

Kisha chukua futi, upime kutoka kona ya mbele kushoto mpaka ya nyuma kulia, halafu kona nyingine mbili. Pima kwa nje, kwenye kingo za paa. Vipimo viwili vinatakiwa kulingana. Vikipishana milimita moja au mbili, endelea. Vikipishana sentimita nzima, gari hilo liliwahi kugongwa na bodi imepinda. Hapo grisi haitakusaidia. Mtafute fundi mwenye mashine ya kunyoosha bodi, usipoteze asubuhi yako.

## Hatua ya 3: Fungua loki au bolti kwa mpangilio

Soma kitabu cha gari lako ujue upande gani unaanza. Kanuni ya jumla ni hii: upande wenye loki ndio unaonyanyuliwa kwanza, na upande wenye pini unachomolewa kwa kuvutwa kufuata mwelekeo wa pini. Ukinyanyua upande wa pini kwenda juu wakati pini zimelala kuelekea mbele, unazipinda.

Kama ni bolti, kama zilivyo kwenye Supra ya Aerotop au Corvette za 1984 hadi 1996, usiitoe moja yote halafu uende ya pili. Legeza kila moja robo duara, kwa kukatisha pembe: mbele kushoto, nyuma kulia, mbele kulia, nyuma kushoto. Zungusha hivyo mpaka zote zilegee. Ukiitoa moja kabisa, mzigo wote unahamia kwa tatu zilizobaki, na nyuzi zake zinaanza kulika.

Bolti ikigoma, usiongeze bomba kwenye spana. Nyunyizia dawa ya kulegeza kutu kwenye kichwa chake tu, kitambaa kikiwa chini yake ili isishukie mpira wala viti, usubiri nusu saa. Bolti ya chuma ndani ya alumini, pamoja na hewa yetu ya chumvi, inatengeneza unga mweupe unaobana kama saruji. Dawa inahitaji muda wa kupenya.

## Hatua ya 4: Bandua mpira, usiuvute

Hapa ndipo wengi wanaharibu gari, kwa hiyo nenda polepole.

Changanya sabuni ya maji, kijiko kimoja kwenye nusu lita ya maji, utie kwenye chupa ya kunyunyizia. Lowesha mstari wote kati ya paa na bodi, pande zote. Subiri dakika kumi, lowesha tena. Maji ya sabuni yanapenya kidogokidogo kwenye mgandano na hayadhuru mpira wala rangi.

Sasa ingia ndani ya gari, kaa kitini, loki zikiwa wazi. Weka kiganja kwenye kona moja ya kipande, upande unaotakiwa kunyanyuka kwanza, usukume juu taratibu na ushikilie. Usigonge. Hesabu mpaka ishirini. Mwenzako akiwa nje anyunyizie sabuni kwenye kona hiyohiyo.

Kwa nini kona, na si katikati? Fikiria unavyobandua stika kwenye kioo. Huibandui kwa kuivuta yote kwa pamoja, unaanzia pembeni. Mpira nao ni hivyo. Ukisukuma katikati unapambana na mgandano wote kwa mara moja, na unakipinda kipande kwenda juu. Ukianzia kona, unapambana na sentimita mbili tu, halafu mbili nyingine, halafu mbili nyingine.

Kona ikikataa, chukua ule mwiko wa plastiki, uuvishe kitambaa kilicholoweshwa sabuni, uupitishe kwenye mstari ukiuelekeza kati ya mpira na rangi. Usiuchome ndani kwa nguvu na usiutumie kama wenzo wa kunyanyulia. Kazi yake ni kutenganisha tu.

Onyo: kwa paa la vioo, kama la MR2, usisukume kona kabisa. Kioo hakipindi, kinapasuka. Sukuma kwa viganja viwili karibu na fremu yake ya chuma, na uache sabuni ifanye kazi muda mrefu zaidi, hata nusu saa.

Utajua umefanikiwa: utasikia sauti ndogo ya kubanduka, kama plasta inayotolewa kwenye ngozi, na kona itapanda milimita chache bila kurudi. Inafuata kona ya pili. Zikishapanda mbili, zilizobaki hazisumbui.

## Hatua ya 5: Kinyanyue

Mmoja kushoto, mmoja kulia, mkisimama nje ya milango. Ondoa saa, pete na mkanda wenye bizimu kubwa. Kubalianeni nani anahesabu. "Moja, mbili, juu," na mnyanyue kwa usawa sentimita tano tu, kisha mvute kufuata pini, ndipo mpandishe.

Kilazeni juu ya blanketi au godoro, rangi ikiangalia juu. Kama mipira iko kwenye kipande chenyewe, weka sponji mbili zikiinue katikati ili uzito usiilalie mipira. Usikiegemeze ukutani. Kitaanguka.

## Hatua ya 6: Safisha mpaka kitambaa kitoke cheupe

Osha mipira yote kwa maji ya sabuni na kitambaa, ndani ya mikunjo yake pia. Ule utando mweusi unaonata ndio adui, na hautoki kwa kupitisha mara moja. Mimi hubadilisha kitambaa mara nne. Usitumie petroli wala tina ya rangi: vitatoa utando, na vitatoa uhai wa mpira pamoja nao.

Safisha na rangi ya bodi pale mpira unapolalia. Watu husahau upande huu. Mabaki ya mpira yaliyoganda kwenye rangi yataushika mpira tena hata ukiupaka grisi.

Kwenye alumini ukiona unga mweupe, usugue kwa mswaki na sabuni. Usitumie brashi ya waya ya chuma. Inaacha chembe ndogo za chuma kwenye alumini, na kutu inaanzia hapo.

Suuza, futa, uache vikauke kabisa. Wakati vinakauka, kagua mpira kwa kidole. Ukiukunja ukaona nyufa nyembamba, bado unatumika. Ukiubonyeza ukabaki na shimo, au ukigusa unaacha weusi mkononi hata baada ya kuoshwa, umekwisha na unahitaji mpya. Usikubali mpira wa mlango wa gari jingine uliokatwa kwa wembe ukaungwa kwa gundi. Unene ukizidi milimita mbili tu, loki hazitafunga bila kulazimishwa, na tatizo la kufungua litarudi mara mbili.

## Hatua ya 7: Zibua mifereji ya maji

Magari mengi haya yana mfereji chini ya mpira, na tundu kwenye kona linalopeleka maji kwenye bomba jembamba ndani ya nguzo, mpaka chini ya gari. Vumbi la barabarani na majani ya mwarobaini huziba tundu hilo. Maji yakisimama, mpira unalala ndani ya tope na kuoza.

Pitisha mshipi wa nailoni polepole mpaka uhisi umefika au umekwama, uuzungushe, uutoe, uufute. Halafu mimina glasi moja ya maji. Yatoke chini ya gari, si kwenye zulia.

Usikubali fundi apulize kwa upepo wa kompresa. Presha inachomoa bomba kwenye maungio yake ndani ya nguzo, na hutajua mpaka mvua ya kwanza ikulowanishe miguu.

## Hatua ya 8: Loki na pini

Futa grisi ya zamani yote. Grisi iliyochanganyika na vumbi ni msasa. Paka grisi nyeupe ya lithiamu kiasi cha punje ya mchele kwenye kila kiungo cha loki, uifungue na kuifunga mara kumi, kisha ufute iliyozidi. Pini nazo upake utando mwembamba, pamoja na mdomo wa tundu lake.

Angalia pini zinavyong'aa. Pini iliyolika upande mmoja inakuambia kipande kinakaa kimeegemea upande huo. Kumbuka upande upi. Utauhitaji kwenye hatua ya 10.

## Hatua ya 9: Paka silikoni kwenye mpira

Hii ndiyo hatua itakayofanya paa litoke kirahisi mara ijayo, na ndiyo watu wanayoifanya kwa dakika mbili. Ipe nusu saa.

Chukua grisi ya silikoni ncha ya kidole, uipake kwa urefu wa kiganja kimoja, ukiisugua iingie. Endelea hivyo mpaka umalize mzunguko wote. Kiasi kinachotakiwa ni kama mafuta unayompaka mtoto usoni: ngozi inalainika, lakini ukimgusa mkono wako hautelezi. Ukiona mpira unang'aa kama samaki, umezidisha, na vumbi la Dar litakuja kukaa hapohapo.

Acha saa nzima. Mpira utachukua kiasi chake. Kisha pitisha kitambaa kikavu mzunguko wote mara moja, ukitoa iliyobaki juu. Baada ya hapo paka utando mwembamba sana kwenye rangi ya bodi pale mpira unapogusa, nao ufute.

Kama unatumia ya kupuliza, ipulizie kwenye kitambaa, kamwe usiipulizie kwenye gari. Silikoni ikirukia kioo cha mbele inaacha ukungu unaong'aa usiku taa za mbele yako zikikupiga. Ikirukia bodi, na baadaye ukataka kupaka rangi, rangi mpya itafanya vidoti kama macho ya samaki kila ilipogusa. Fundi rangi atakulaumu na atakuwa na haki.

Wengine hutumia poda ya mtoto badala ya grisi. Ile ya talki inafanya kazi kwa wiki chache. Lakini poda nyingi siku hizi ni za wanga wa mahindi, na wanga kwenye unyevunyevu wa pwani unageuka uji, halafu ukungu. Soma kopo. Kama huna uhakika, acha.

Utajua umefanikiwa: bonyeza karatasi ya risiti kwenye mpira kwa kidole, uachie. Inadondoka yenyewe, na haina doa la mafuta.

## Hatua ya 10: Rudisha na urekebishe

Kabla hujarudisha, bandika ule utepe wa karatasi na uweke alama ya penseli pale kila kishikio cha loki (kipande kinachonaswa na loki ikifungwa) kilipo sasa. Ukipotea, utarudi ulipoanzia.

Ingizeni pini kwanza, kisha mshushe upande wa loki. Kama ni bolti, zianze zote nne kwa vidole, duara mbili tatu kila moja, ndipo uchukue spana. Bolti inayokataa vidole imeingia upande. Itoe uanze upya. Nyuzi za alumini ukizila mara moja, hazina rudi.

Funga, kisha fanya jaribio la karatasi. Weka risiti kati ya mpira na paa, funga loki, uivute. Inatakiwa itoke kwa kukaza, kama noti unayoivuta kutoka kwenye ngumi ya mtu anayetania. Ikitoka bure, hapo maji yatapita. Ikichanika, hapo kumebana mno. Fanya hivyo sehemu kumi kuzunguka paa, na uandike.

Mahali palipobana mno, legeza kishikio cha loki ya upande huo nusu duara tu, ujaribu tena. Nusu duara, si duara zima. Kama pini ilikuwa imelika upande mmoja, sogeza kipande kuelekea upande wa pili kabla ya kukaza. Kwenye gari langu, nusu duara kwenye loki ya kulia ndiyo iliyomaliza kelele iliyokuwa inanifuata kila nikikatiza reli.

Onyo: usilegeze loki ili tu paa litoke kwa urahisi. Ukiwa mwendo kasi, hewa inayopita juu ya paa inalivuta kwenda juu. Loki zote zinatakiwa zifunge mpaka mwisho na zitoe mlio wake. Ikibaki moja bila kufunga, gari lisiondoke hapo.

## Hatua ya 11: Mwagia maji

Tumia kopo na ndoo. Mashine za presha za kuoshea magari zisikaribie mpira. Zinapitisha maji hata pale ambapo mvua haipiti, utaanza kutafuta ugonjwa usiokuwepo.

Mmoja akae ndani na karatasi ya chooni kavu akiifuatisha kwenye mstari wa paa. Wa nje aanze kumwaga chini, usawa wa kioo cha mlango, apande taratibu mpaka juu. Ukianzia juu, maji yatashuka kila mahali na hamtajua yalikoingilia. Kona ikilowanisha karatasi, rudi kwenye jaribio la risiti pale pale.

## Hatua ya 12: Likumbuke paa hata usipolitumia

Litoe angalau mara moja kwa mwezi, hata kama ni kwa dakika tano uani. Mpira unaogandana ni ule uliobanwa mahali pamoja muda mrefu.

Paka silikoni kila miezi mitatu. Kwa wanaoishi Kigamboni na kuvuka na pantoni, au wanaoegesha Msasani usiku upepo ukitoka baharini, miezi miwili ni salama zaidi. Kila ukitoka ufukweni, futa mpira na pini kwa kitambaa chenye maji baridi siku hiyohiyo. Chumvi ikilala usiku mmoja imeshaanza kazi. Na fanya mzunguko mmoja kamili, kuanzia hatua ya 6, mwishoni mwa Februari kabla ya masika.

Mwisho, mpelekee fundi cherehani vipimo vya kipande chako, akushonee mfuko: turubai nje, blanketi ndani, zipu upande mrefu, na mikanda miwili ya kushikia pale mikono yenu inapokaa. Mwambie zipu iwe ya plastiki, na meno yake yafunikwe kwa kitambaa kwa ndani. Wa kwangu alisahau kufunika, na mkwaruzo wa urefu wa kidole ninao mpaka leo kwenye kona ya nyuma kushoto.